Matembezi ya Hisani ya Mbwa Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa yeyote anayefikiria kuandaa matembezi ya hisani ya mbwa katika shehia yake. Maswali ni yale yanayorudi kila mara, kwa wafugaji, kwa majirani, na kwa wazee wa mitaa ambao hawajawahi kusikia jambo kama hili.

## Mambo ya mwanzo

Matembezi ya hisani ya mbwa ni kitu gani hasa?

Ni matembezi ya pamoja. Wenye mbwa wanatembea nao wakiwa wamefungwa kamba, wasio na mbwa wanatembea pia, na kila anayeshiriki anatoa mchango au anawaomba jamaa, marafiki na wenye maduka wamdhamini. Fedha zote zinakwenda kwenye kazi moja iliyotajwa tangu siku ya kwanza. Hakuna mashindano, na hakuna zawadi ya mbwa mzuri kuliko wenzake.

Uingereza na Marekani shughuli za namna hii ni za kawaida, na mara nyingi huchangia vituo vya kutunzia wanyama walioachwa. Mtu akichukua mpango wa huko akauleta Jambiani au Wete vilevile ulivyo, atagombana na mtaa mzima kabla hata mbwa wa kwanza hajafika. Visiwani kwetu yanahitaji kupangwa kwa kuzingatia misikiti, maji ya bahari, jua, na ukweli kwamba wengi wa majirani hawataki kuguswa na mbwa. Yote hayo yanawezekana, ila lazima yapangwe.

Kwa nini mbwa, wakati watu wenyewe wana shida?

Hili ndilo swali la kwanza kila mahali, na linastahili jibu kamili.

Kazi tunayopendekeza kuchangiwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu dalili zake zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Anayeumwa si lazima awe mfugaji. Anaweza kuwa mtoto anayekwenda skuli, mama anayerudi shamba, au mvuvi anayepanda kutoka pwani alfajiri. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa anamlinda na jirani asiyefuga, si mwenye mbwa peke yake.

Na ushahidi hatuutafuti mbali, uko Pemba. Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kikizunguka katika kisiwa kile kwa minyororo isiyopungua mitano ya maambukizi. Mbwa wakaanza kuchanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ilikuwa imekatika. Kisha chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena Pemba mara mbili, ukasambaa, na ukaondolewa Oktoba 2018 baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurudishwa. Hivyo tunajua mambo mawili kwa hakika: chanjo inafanya kazi katika mazingira yetu haya haya, na mwaka mmoja au miwili ya kulegea inatosha kuturudisha tulikotoka.

Matembezi yana nafasi yake hapo. Yanaleta fedha, lakini zaidi ya hapo yanamkumbusha kila mtu katika shehia kwamba mwaka umezunguka na mbwa wanatakiwa kuchanjwa tena.

Kwani kuna mbwa wa kutosha visiwani?

Wapo wengi kuliko wanavyoonekana mjini. Mashamba kuna mbwa wa wasasi wanaowinda nguruwe mwitu, na mbwa wa wakulima wanaolinda mihogo na ndizi zisiliwe na kima. Kuna mbwa wa ulinzi kwenye nyumba na hoteli, kuna mbwa wa wageni wanaoishi hapa, na kuna mbwa koko wanaojitafutia majalalani na pwani.

Matembezi mazuri hayahitaji mbwa wengi. Mbwa kumi wenye kamba, wamechanjwa, na mabwana wanaojua kuwashika, ni bora mno kuliko hamsini wanaovutana. Ningemshauri yeyote anayeanza aweke ukomo wa idadi ya mbwa na aache idadi ya watu iwe wazi.

Fedha zichangiwe kwa kazi gani?

Moja tu, na iandikwe kwenye kila tangazo. "Kusaidia wanyama" ni neno pana mno, na watu huona haya kuuliza lakini hawatoi. "Kuchanja mbwa wote wa shehia yetu dhidi ya kichaa" linaeleweka.

Lengo la chanjo ni angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Chini ya hapo ugonjwa hupata njia ya kupita. Kwa hiyo kabla ya kukadiria fedha, kaeni na sheha na afisa mifugo mhesabu mbwa nyumba kwa nyumba, wakiwemo wa mashambani. Ikiwa chanjo yenyewe inatolewa bure na serikali au na wafadhili, bado kuna usafiri wa wachanjaji, barafu na makasha ya kuhifadhia chanjo kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kadi, na kamba za kuwashikia mbwa ambao hawajazoea kufungwa. Kuhasi madume na kuwafunga kizazi majike ni kazi nyingine njema, lakini iacheni mwaka wa pili.

## Dini na ujirani

Mbwa ni najisi. Matembezi haya hayapingani na dini?

Wengi wetu visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na humo mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa naye penye unyevu huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Hilo halina mjadala kwenye matembezi haya, na waandaaji wasiingie kwenye mjadala huo hata kidogo. Kinachotakiwa ni kuyapanga matembezi ili asiyetaka kuguswa asiguswe.

Lakini unajisi wa mnyama na wajibu wa kumhurumia ni mambo mawili mbalimbali, na masheikh wetu wanafundisha yote mawili. Kila aliyesoma chuoni anaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake (kiatu cha ngozi) na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kufuga mbwa kwa kuwinda, kuchunga mifugo na kulinda shamba kumeruhusiwa. Na hapa tunazungumzia kuzuia maradhi yanayoua watoto. Ukimwendea imamu kwa adabu na mapema, ukamweleza hivyo, mara nyingi utakuta yeye ndiye anayekushauri njia ipi ipitwe.

Mwenye swali la kifiqhi amuulize sheikh wake. Waandaaji si mahali pake.

Mtu akiguswa na pua au mate ya mbwa je?

Wekeni mahali pa kujitoharisha mwanzo wa njia na mwisho wake: madumu ya maji safi, kata, ndoo ya udongo safi mkavu, sabuni, na pazia kwa ajili ya wanawake. Gharama yake ni ndogo sana, na hakuna jambo linalowatuliza watu kama kuona kwamba mwandaaji amelifikiria hilo kabla yao. Waambieni pia washiriki waje na nguo ya pili ya kuswalia.

Naweza kutoa zaka yangu kwenye mchango huu?

Usiichanganye. Wanaostahiki zaka wametajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na ni makundi manane ya watu. Mchango wa matembezi ni sadaka. Iandikeni wazi kwenye risiti na matangazo, ili asitokee mtu akadhani ametimiza faradhi yake.

Jirani anaogopa mbwa, au hataki kabisa wapite mbele ya nyumba yake. Tufanyeje?

Badilisheni njia. Msimshawishi wala msimcheke. Wako watu waliowahi kuumwa utotoni, na hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa "huyu haumi".

Wiki moja kabla, wapite watu wawili wanaofahamika mtaani, ikiwezekana mmoja awe mwanamke, wabishe hodi kila nyumba iliyo njiani: waseme siku, saa, na mbwa watachukua dakika ngapi kupita. Anayetaka kufunga mlango au kuwaingiza watoto ndani apewe nafasi hiyo. Wengine watauliza kama na wao wanaweza kuja bila mbwa. Jibu ni ndiyo, na liko kwenye swali la "Asiye na mbwa anatembea vipi?" hapa chini.

## Ruhusa na fedha

Tuanzie wapi kuomba ruhusa?

Kwa sheha. Hata kama una barua ya wizara mkononi, sheha akisikia jambo hili kwa watu wengine umeshaharibu. Nenda ofisini kwake, mweleze, muulize nani wengine waambiwe. Kama njia inapita shehia mbili, ni masheha wawili.

Baada ya hapo andikeni barua kwa Baraza la Manispaa au la Mji, au Halmashauri ya Wilaya, kwa sababu ya barabara na viwanja. Kituo cha polisi, kwa sababu ya mkusanyiko na magari. Na ofisi ya mifugo ya wilaya, mkiomba daktari au afisa mifugo awepo siku hiyo. Kama mnataka kupita pwani mbele ya hoteli au kupumzika kwenye uwanja wa skuli, mwenye mahali naye apewe barua. Anzeni miezi miwili kabla. Barua moja yenye ukurasa mmoja inatosha: nani, lini, wapi, mbwa wangapi, fedha za nini, na nani anawajibika.

Lazima tuwe na jumuiya iliyosajiliwa?

Kukusanya fedha za umma kwa jina la kikundi kisichojulikana kisheria ni kujitafutia matatizo. Ikiwa hamna jumuiya, tafuteni iliyokwisha kusajiliwa, ya mazingira, ya wanyama au ya maendeleo ya shehia, ikubali kuwa mwenyeji wa shughuli na kupokea fedha kwenye akaunti yake. Vikundi vya mazoezi pia ni wenzetu wazuri. Zanzibar ina utamaduni mkubwa wa vikundi hivi, na wanachama wake tayari wanajua kutembea kwa mpangilio barabarani alfajiri bila kuziba njia.

Fedha zikusanywe vipi ili pasiwe na maneno?

Maneno yatakuwepo. Kazi yenu ni kuwa na majibu.

Pokeeni kwa njia mbili tu: akaunti ya benki ya jumuiya, au namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya, kamwe isiwe namba ya mtu binafsi. Fedha taslimu za siku hiyo zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, na kila mchango uandikiwe risiti hata ukiwa shilingi elfu moja. Jioni ile ile hesabu ijumlishwe mbele ya sheha au mwakilishi wake, na ndani ya wiki moja ibandikwe kwenye ubao wa shehia: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Msisubiri mtu aulize.

Tahadhari moja kuhusu fulana. Kila kamati inataka fulana zenye maandishi, na kila mara ndizo zinazomaliza fedha kwanza. Mkipata mfadhili wa fulana peke yake, sawa. Vinginevyo kitambaa cha rangi moja mkononi kinatosha kuwatambulisha washiriki, na fedha zinabaki kwa chanjo.

Tukubali mfadhili yeyote?

Maji ya kunywa, matunda, gari la kubebea vifaa, dawa za huduma ya kwanza, vyote pokeeni kutoka kwa hoteli na maduka. Kampuni za pombe na michezo ya kubahatisha zikataeni kwa upole. Bango lao moja litawafukuza wazee wote mliowashawishi.

## Siku, saa na njia

Tufanye mwezi gani?

Kipindi kizuri ni kuanzia kipupwe, Juni hadi Agosti, mpaka Septemba kabla ya mvua za vuli. Masika yana matope na maji yaliyotuama. Januari na Februari joto la kaskazi linawatesa mbwa hata asubuhi.

Wengi wanachagua Septemba 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mwanasayansi wa Ufaransa aliyetengeneza pamoja na wenzake chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Faida yake ni kwamba ofisi za mifugo na afya nazo huwa zinaizungumzia mada hiyo hiyo wakati huo. Ikiangukia siku ya kazi, sogezeni hadi Jumamosi au Jumapili iliyo karibu.

Tazameni na kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani hapana, wala siku za Idi. Usiku wa Maulidi ya mtaani watu wanakesha, kwa hiyo asubuhi yake msiwaamshe kwa milio ya mbwa. Na Ijumaa iacheni kabisa.

Saa ngapi?

Kusanyikeni saa 12:15 asubuhi, baada ya watu kutoka Alfajiri na njia kutulia. Anzeni saa 12:30 na mmalize kabla ya saa 2. Jioni inawezekana, lakini mnabanwa kati ya Alasiri na Magharibi, na lami inakuwa bado imehifadhi joto la mchana. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami: ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Njia iwe ya namna gani?

Kilomita mbili hadi tatu, mzunguko unaorudi pale ulipoanzia, kivuli kiwepo, magari yawe machache. Maeneo yenye nafasi kama Tunguu na Fumba kwa Unguja, au Vitongoji na upande wa Gombani kwa Pemba, ni rahisi kuliko katikati ya mji. Mji Mkongwe uacheni. Vichochoro ni vyembamba, misikiti iko karibu karibu, na mtu aliyevaa kanzu kwenda msikitini hana pa kumkwepa mbwa.

Tembeeni njia hiyo kwa miguu wiki mbili kabla, saa ile ile, mkiandika kila msikiti, chuo cha Kurani, skuli, mazizi ya ng'ombe na mbuzi, genge la samaki na makaburi. Vyote hivyo vipitwe mbali. Viwanja vinavyoswaliwa swala ya Idi visitumike hata kwa kukusanyika tu. Na msipitishe mbwa ndani ya hifadhi za misitu, Jozani kwa Unguja wala Ngezi kwa Pemba. Jozani ni makazi ya kima punju, mnyama asiyepatikana porini nje ya visiwa vyetu, na mbwa hana kazi humo.

Kwa nini tusitembee pwani tu, mchanga ni laini na hakuna magari?

Pwani ni nzuri, ila haiko tupu kama wageni wanavyodhani. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na upande wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, Matemwe, yakipwa namna hiyo wanawake wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, na wengine wanachokoa pweza na chaza. Kwa hiyo ile asubuhi ambayo mchanga unaonekana mpana na wa kuvutia ndiyo siku yao ya kazi. Mbwa akikimbia kati ya kamba za mwani anaharibu kipato cha mtu, na anakanyaga kitu ambacho mwenyewe atakishika kwa mikono na kukianika uani kwake.

Kama lazima iwe pwani, waulizeni wavuvi na wakulima wa mwani siku ipi haitawabughudhi, pitieni juu kwenye mchanga mkavu, na msipite pale ngalawa zinapovutwa na samaki kupakuliwa. Upande wa magharibi wa Unguja, ambako mwani ni mchache, mambo ni mepesi zaidi.

Kinyesi cha mbwa tunakiondoaje, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku?

Kwa koleo dogo, magazeti ya zamani na ndoo yenye mfuniko. Wateueni vijana wawili watembee nyuma kabisa, wavae glavu na buti, wasiache kitu. Mwisho wa matembezi kinyesi kifukiwe shimoni mbali na kisima na mbali na njia ya maji ya mvua. Waandaaji wengi hulichukulia jambo hili kwa wepesi, lakini majirani hawatakumbuka hotuba ya mgeni rasmi. Watakumbuka kilichoachwa mlangoni kwao.

## Mbwa na wanaowaongoza

Mbwa yupi anaruhusiwa?

Aliyechanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ikiwa imeshafikisha wiki nne na haijapitwa na muda wake, na kadi ionekane. Awe na umri wa zaidi ya miezi minne, mzima, amezoea kamba. Wasije jike aliye katika kipindi cha kutaka dume, jike anayenyonyesha, mbwa mwenye vidonda au anayekohoa, wala mbwa aliyewahi kumuuma mtu. Mbwa wa msasi wanaotembea kwa kundi porini mara nyingi hawajawahi kufungwa kamba. Wajaribuni nyumbani kwa wiki kadhaa kwanza, na wakikataa, bwana wao aje peke yake. Mchango wake ni ule ule.

Mbwa mmoja, mtu mzima mmoja. Watoto wasishike kamba.

Je, tuchanje mbwa siku hiyo hiyo ya matembezi?

Hapana. Inaonekana kama kuokoa muda, lakini kinga inahitaji wiki kadhaa kujijenga, na foleni ya mbwa wasiochanjwa, wenye hofu, karibu na umati wa watu na watoto, ndiyo hatari hasa tunayotaka kuikwepa. Siku ya chanjo ifanywe mwezi mmoja au zaidi kabla, vituo vikiwa kila kijiji, kisha matembezi yafuate. Mbinu hii ina faida nyingine: anayetaka kushiriki analazimika kumleta mbwa wake kwenye chanjo.

Joto linawaathiri vipi?

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Akihema kupita kiasi, ulimi ukawa mwekundu sana, akayumba au akatapika, asimamishwe pale pale, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida tumboni na miguuni, apepewe, apewe maji kidogo kidogo, na daktari wa mifugo aitwe. Mbwa wenye pua fupi na wanene wazidishiwe uangalizi. Vituo vya maji viwe kila baada ya nusu kilomita, na mabakuli ya mbwa yawekwe alama na yasichanganywe kamwe na vyombo vya watu.

Asiye na mbwa anatembea vipi?

Mbele. Gawanyeni msafara mara mbili: watu wasio na mbwa watangulie na bango, waache nafasi ya mita mia moja hivi, kisha wafuate wenye mbwa, kila mbwa akiwa mbali na mwenzake kwa hatua tano au sita. Anayetaka kuswali Dhuha na nguo zake au anayeogopa mbwa anatembea kwa amani, na bado yumo kwenye shughuli ile ile. Nguo ziwe za heshima, mabega na magoti yafunikwe, na wageni waambiwe hivyo kwenye tangazo lenyewe, si siku ya tukio.

Mbwa wa mbali watafikaje?

Daladala hazitawachukua, na msiwalazimishe makondakta. Kodini kirikuu, mtandike majani au magunia, mbwa wafungwe mbalimbali, na mwenye gari aambiwe tangu mwanzo anabeba nini. Maji na udongo wa kuliosha baadaye ni juu yenu.

## Mambo yakienda kombo

Mtu akiumwa au kuparuliwa na mbwa siku hiyo?

Hata kama mbwa ana kadi, fanyeni haya bila kuchelewa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Hatua hii peke yake hupunguza sana hatari. Msipake pilipili, mafuta, majivu wala dawa ya meno, na msilifunge kwa kubana. Kisha mtu apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, Mnazi Mmoja au hospitali ya wilaya iliyo karibu, akaeleze aliumwa na mbwa gani. Daktari ataamua kuhusu chanjo, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa, na akianza lazima azimalize zote hata kidonda kikipona.

Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama na aangaliwe na afisa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyouma. Akiuawa na kutupwa, jibu hilo limepotea na mgonjwa anabaki na wasiwasi. Kamati iwe imeshaandika kabla ya siku hiyo gari lipi litampeleka mgonjwa, na nani atalipa.

Mbwa koko wakijiunga na msafara?

Wasitupiwe mawe. Simamisheni wenye mbwa, wageuke wakae upande mmoja wa njia, na kijana mmoja aliyezoea mbwa awavute koko kando kwa chakula. Ndiyo sababu koko wa eneo hilo nao wanapaswa kuwemo kwenye hesabu ya chanjo iliyotajwa juu.

Mtu akija kutupigia kelele tuondoke?

Azungumze naye mzee mmoja tu wa kamati, au sheha akiwepo. Wengine wanyamaze. Mkiombwa kugeuka, geukeni. Barua za ruhusa mnazo, lakini mnaishi na watu hawa mwaka mzima.

Tunaweza kuvusha mbwa kutoka Unguja ili Pemba iwe na matembezi makubwa?

Msifanye hivyo. Kichaa kilichorudi Pemba mwishoni mwa 2016 kiliingizwa kutoka nje ya kisiwa, na mbwa mmoja aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki au miezi akionekana mzima kabla dalili hazijatoka. Kwa ajili ya matembezi ya asubuhi moja, hatari hiyo haina sababu. Watu wapande boti, mbwa wabaki kwao. Pemba itembee na mbwa wa Pemba, Unguja na wa Unguja, na kama kuna mbwa anayehamia na familia yake moja kwa moja, mwenyewe afike kwanza ofisi ya mifugo na kadi ya chanjo mkononi, kabla ya kwenda kukata tiketi bandarini.